Aperol, Select, Campari au Bellini: utengeneze kipi nyumbani kabla ya chakula cha jioni?

Ukianza kutafuta namna ya kutengeneza nyumbani kinywaji cha Kiitaliano chenye mapovu, cha kunywa kabla ya chakula, kila unakogeuka unakutana na picha ileile: glasi kubwa ya mvinyo iliyojaa barafu, kinywaji cha rangi ya machungwa, na kipande cha chungwa ndani yake. Hiyo ni spritz ya Aperol, yaani mvinyo wa mapovu, kileo kichungu kiitwacho Aperol na maji ya soda, na umaarufu wake haukuja bure. Lakini ukikaa jioni moja Venice, kwenye zile baa ndogo wanazoziita bacaro, utaona meza moja ina glasi za rangi tatu: ya machungwa (Aperol), nyekundu ya wastani (Select), na nyekundu iliyokolea (Campari). Ni vinywaji vya ukoo mmoja na hutengenezwa kwa njia moja, ila ulimi unavipokea tofauti kabisa. Na karibu na uwanja wa San Marco kuna Bellini, ya pichi na mvinyo wa mapovu, ambayo haina uchungu hata kidogo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usichague kwa rangi. Chagua kwa kiasi cha uchungu unachokipenda, kisha kwa idadi ya watu mtakaokunywa. Mengine yanafuata.

Tutavipima kwa nini

Kila kinywaji nitakipima kwa mambo yaleyale. Kwanza ladha, hasa uzani wa uchungu na utamu. Pili nguvu, yaani kileo halisi kilichomo ndani ya glasi moja; hapa ndipo wengi hujisahau, kwa sababu mapovu na barafu huficha kileo. Tatu kazi inayohitajika jikoni. Nne chupa: unazipata kwa urahisi gani, na zikishafunguliwa zinakaa muda gani. Mwisho nitasema kinamfaa nani.

Nguvu nimeikokotoa kwa vipimo vya kawaida na mvinyo wa asilimia 11. Ili tarakimu zikae vizuri kichwani, chukua bia kama kipimo: chupa ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina mililita 16.5 za kileo halisi, na ya nusu lita ina mililita 25.

Kabla ya kuchagua: mvinyo, baridi na mapovu

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama kinywaji kitanyweka au la, na ni ileile kwa vyote vinne, ila Bellini haitiwi barafu wala maji ya soda. Ukiikosea hapa, hata chupa ya bei kubwa haitakuokoa.

Mvinyo unaotumika ni prosecco. Hutoka kaskazini-mashariki mwa Italia, katika majimbo ya Veneto na Friuli Venezia Giulia, na kisheria angalau asilimia 85 yake lazima iwe zabibu za Glera. Kwa kawaida mapovu yake hutengenezwa ndani ya tangi la chuma lililofungwa, siyo ndani ya chupa mojamoja kama shampeni. Ndiyo maana bei yake ni nafuu na harufu yake ni ya matunda mabichi, tofaa na peasi. Wepesi huo ndio tunaoutaka, kwa sababu mwenzake kwenye glasi ndiye mwenye sauti kubwa.

Soma lebo kwa makini. Prosecco iliyoandikwa Brut ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Extra Dry ina gramu 12 hadi 17. Dry ina 17 hadi 32. Kwa hiyo ile unayodhani ni kavu kuliko zote ndiyo tamu kuliko zote. Jambo hili dogo limewaharibia watu wengi spritz zao bila wao kujua kosa liko wapi.

Prosecco isipopatikana, usikate tamaa. Cava ya Hispania inafaa. Cap Classique ya Afrika Kusini nayo inafaa, ingawa mapovu yake hutengenezwa ndani ya chupa na mara nyingi ina harufu kidogo ya mkate uliookwa. Chagua iliyo rahisi na changa, isiyo na sukari nyingi. Na ukikosa mvinyo wowote wa mapovu, fanya kama watu wa Brescia: wao wana kinywaji chao kiitwacho pirlo, chenye mvinyo mweupe wa kawaida, kileo kichungu, na maji ya gesi. Kwa kweli hapo unakaribia spritz za zamani zaidi, za karne ya 19, wakati Veneto ilipokuwa chini ya Austria na mvinyo ulikuwa ukipunguzwa makali kwa maji tu. Prosecco imeingia baadaye sana.

Maji ya soda ni maji matupu yenye gesi. Dukani kwetu ukisema soda utapewa kinywaji kitamu, kwa hiyo taja waziwazi. Toniki pia haifai: ina sukari na uchungu wake yenyewe, na itagombana na kilichomo.

Sasa baridi. Mvinyo ukae kwenye friji saa tatu au nne, na Aperol au Campari nayo ilale humohumo usiku kucha. Glasi ziweke friza dakika kumi. Barafu iwe ya vipande vikubwa, na ujaze glasi hadi juu. Watu huogopa barafu nyingi wakidhani italeta maji mengi, kumbe ni kinyume chake: vipande vitatu ndani ya kinywaji chenye joto huyeyuka haraka, lakini glasi iliyojaa barafu hupoa mara moja na kuyeyuka polepole. Katika mji wa pwani wenye joto la nyuzi 30, tofauti hiyo utaiona ndani ya dakika tano.

Kufungua chupa kusiwe tamasha. Mvinyo ukiruka, mapovu uliyoyalipia yamekwenda. Ondoa karatasi, legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, inamisha chupa kidogo, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa, siyo kizibo. Kizibo kitoke kwa mnong'ono.

Kisha mpangilio wa kumimina: barafu, prosecco, kileo kichungu, na maji ya soda mwisho. Kuna sababu. Aperol na ndugu zake wana sukari nyingi, kwa hiyo ni wazito kuliko mvinyo. Ukivimimina juu ya mvinyo vinazama vyenyewe na kuchanganyika njiani. Unahitaji kukoroga mara moja tu, kwa kuinua barafu kutoka chini kwa kijiko kirefu. Ukianza navyo, vinakaa chini kabisa, inabidi ukoroge sana, na kila mzunguko wa kijiko unafukuza mapovu.

Huna kipimo cha baa? Kijiko cha chakula ni mililita 15. Vijiko vinne ni 60, sita ni 90.

Spritz ya Aperol

Ndugu wawili, Luigi na Silvio Barbieri, waliileta Aperol sokoni mwaka 1919 kwenye maonyesho ya biashara ya Padova. Ndani yake mna machungwa, mizizi ya genziana, rubabu na gome la mkwinini, na kileo chake ni asilimia 11 tu, sawa na mvinyo wenyewe. Tangu mwaka 2003 iko chini ya kampuni ya Campari, ambayo ndiyo iliyoisambaza duniani kote. Ukiishi Malindi au Watamu, ambako Waitaliano wameweka makazi na mikahawa kwa miaka mingi, huenda umeshaionja.

*Ladha.* Chungwa tamu linatangulia, uchungu unakuja nyuma na hauchelewi kuondoka. Asiyezoea vinywaji vichungu haruki. Lakini utamu wake ndio udhaifu wake: barafu ikianza kuyeyuka, kinachobaki ni maji ya sukari yenye rangi. Tumia Brut, kamwe si Extra Dry, na unywe kikiwa bado na baridi.

*Nguvu.* Kanuni ya Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa ni prosecco mililita 90, Aperol 60, na maji ya soda kidogo. Hesabu inatoa mililita 16.5 za kileo, yaani ile bia ndogo ya 330 hasa. Ni kinywaji chepesi ukikinywa kimoja kwa utaratibu.

*Kazi.* Dakika mbili. Kata chungwa vipande vya nusu duara, weka kimoja ndani ya glasi katikati ya barafu. Usikamue, maji ya chungwa yanaongeza utamu ambao tayari umetosha. Mafuta ya ganda ndiyo unayoyatafuta.

*Chupa.* Aperol ni rahisi kupatikana katika maduka makubwa ya vileo mijini, na ikifunguliwa inakaa miezi kadhaa bila kuharibika, bora iwe mahali pa baridi. Chupa ya mililita 700 inatoa glasi 11, na chupa ya prosecco ya 750 inatoa glasi 8. Ukinunua moja moja, Aperol itabaki.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni wa kila namna ambao hajui wanapenda nini, na anayeonja aina hii ya vinywaji kwa mara ya kwanza. Mwenye kupenda kahawa kavu na majani machungu huenda akaiona ya kitoto. Simlaumu, ila ajaribu kwanza kupunguza Aperol hadi mililita 45 na kuongeza maji ya soda kabla ya kuihukumu.

Spritz ya Select

Hii ndiyo spritz ya Venice yenyewe, na kwangu mimi ndiyo iliyosahaulika isivyo haki nje ya Italia. Select ilitengenezwa mjini Venice mwaka 1920 na kampuni ya ndugu wa familia ya Pilla. Ina mimea 30, na miongoni mwake ni mzizi wa rubabu na tunda la mreteni, lile linalokipa kileo kiitwacho jini harufu yake. Kileo chake ni asilimia 17.5.

*Ladha.* Inakaa katikati ya Aperol na Campari, lakini ina tabia yake: mitishamba mingi zaidi, harufu ya viungo, uchungu unaokaa ulimini bila kuchoma. Hapa haliwekwi chungwa, bali zeituni kubwa ya kijani kwenye kijiti. Chumvi ya zeituni inafanya kazi nzuri ajabu. Unakunywa nusu glasi, unakula zeituni iliyolowa kinywaji, unarudi kwenye glasi, na ladha imebadilika. Nusu ya raha ya kinywaji hiki iko kwenye zeituni hiyo, kwa hiyo usiiache.

*Nguvu.* Kwa vipimo vilevile vya 90 na 60, mililita 20 na ushei. Imezidi ya Aperol kwa karibu robo.

*Kazi.* Sawa na ya Aperol. Zeituni zisiwe zile nyeusi za makopo wala zilizojazwa pilipili. Nunua za kijani zenye kokwa, uzisuuze kidogo kama maji yake ya chumvi ni makali.

*Chupa.* Hapa ndipo penye shida. Aliyeko Italia au miji mikubwa ya Ulaya ataipata. Kwingineko itabidi uiagize au umwombe anayesafiri. Ukikosa, kuna njia ya kuikaribia: mililita 40 za Aperol na 20 za Campari kwenye glasi moja, pamoja na zeituni. Haitakuwa Select, ila uzani wa uchungu utakuwa unafanana.

*Inamfaa nani.* Aliyeionja ya Aperol akaona tamu mno, na akaionja ya Campari akaona kali mno. Pia anayepanga kuandaa vitu vya chumvi mezani: korosho, samaki wa kukausha, jibini, hata kachori zisizo na pilipili nyingi.

Spritz ya Campari

Campari ni kongwe kuliko zote. Gaspare Campari aliibuni mwaka 1860 mjini Novara, na baadaye akafungua mkahawa Milan. Rangi yake nyekundu zamani ilitokana na wadudu wadogo waliokaushwa wanaoitwa cochineal. Katika nchi nyingi sasa wanatumia rangi nyingine.

*Ladha.* Chungu kwelikweli. Ganda la chungwa, mizizi, na mwisho mkavu unaokausha kinywa na kukufanya utake kula. Kazi ya kinywaji cha kabla ya chakula ni kuamsha hamu, na kwa hilo sijaona kinachoizidi. Lakini anayeonja mara ya kwanza bila kuandaliwa hukunja uso. Ukitaka kumsaidia, hapa ndipo Extra Dry inapopata kazi yake: sukari yake kidogo inalainisha makali.

*Nguvu.* Hapa simama kidogo. Kileo cha Campari hutofautiana kwa nchi, kati ya takriban asilimia 20 na 28. Italia ni 25. Kwa mililita 60 za asilimia 25 unapata karibu mililita 25 za kileo, yaani bia nzima ya nusu lita yenye asilimia 5, ndani ya glasi inayoonekana sawasawa na ile ya Aperol. Mgeni aliyezoea ya Aperol akapewa ya Campari bila kuambiwa anaweza kunywa mbili akidhani amekunywa kidogo. Mwenye nyumba mwambie. Ukipunguza Campari hadi mililita 40, kileo kinashuka hadi 20, na kwa maoni yangu kinywaji kinakuwa bora zaidi, kwa sababu prosecco inasikika.

*Kazi.* Ileile. Kipande cha chungwa kinaingia, na wengine huongeza zeituni pia. Mimi hupendelea chungwa peke yake.

*Chupa.* Kati ya vileo vitatu vichungu, huu ndio unaopatikana maeneo mengi zaidi, na unakaa kabatini miezi mingi bila wasiwasi. Kwa mililita 40 kila glasi, chupa ya 700 inakupa glasi 17. Tena ina matumizi mengine mengi: ukiichanganya na maji ya soda tu una kinywaji kamili, bila kuhitaji mvinyo.

*Inamfaa nani.* Mpenzi wa uchungu, na anayetaka chupa moja itakayofanya kazi mbalimbali. Haimfai mwenye wageni wanaoendesha gari kurudi nyumbani. Kwa hao, hata nyepesi za hapa chini si ruhusa ya kushika usukani.

Bellini

Giuseppe Cipriani alifungua Harry's Bar mjini Venice mwaka 1931, na mwaka 1948 akaanza kuuza kinywaji cha rojo la pichi nyeupe na prosecco. Akakiita kwa jina la Giovanni Bellini, mchoraji wa Venice wa karne ya 15, kwa sababu wekundu wake mpole ulimkumbusha rangi za michoro yake. Kwa muda mrefu kilikuwa kinywaji cha msimu, kwani pichi nyeupe hupatikana kiangazi tu.

*Ladha.* Tunda, tunda, na tena tunda, likibebwa na mapovu. Hakuna uchungu. Hii ndiyo sababu siiweki katika mizani moja na spritz bila kueleza: anayetafuta kuamsha hamu ya kula hatapata msaada mkubwa hapa, ila anayetafuta kitu laini cha kupokelea wageni hatapata bora zaidi.

*Nguvu.* Mililita 100 za prosecco na 50 za rojo: mililita 11 za kileo. Ndiyo nyepesi kuliko zote nne.

*Kazi.* Hii ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayostahili maelezo marefu.

Chagua pichi zilizoiva kiasi kwamba ukizibonyeza karibu na kikonyo zinalegea, na harufu yake inakufikia kabla hujazikata. Pichi ngumu haina la kukupa, hata uitie sukari kiasi gani. Chora msalaba mdogo kwa kisu chini ya kila tunda, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha kwenye maji ya barafu. Ganda litateleza lenyewe. Ondoa kokwa, lakini usikwangue kwa nguvu ile nyama nyekundu iliyoizunguka. Hiyo ndiyo inayoleta wekundu ambao Cipriani aliupenda. Ponda kwa uma, kisha pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Blenda inafaa kama una haraka, ila inapiga hewa ndani ya rojo na kulifanya ligeuke kahawia upesi zaidi. Matone machache ya ndimu yanachelewesha kugeuka huko na kuamsha ladha. Onja: kama pichi zako si tamu, ongeza kijiko kidogo cha shira ya sukari. Pichi tatu au nne za wastani zinatosha glasi sita hivi.

Rojo lipoe kabisa kwenye friji. Kisha, badala ya kuhangaika na glasi mojamoja, chukua jagi lililopozwa, weka rojo, mimina prosecco kidogo tu na ukoroge taratibu hadi zishikane, halafu malizia iliyobaki polepole ukiinamisha jagi. Itatoa povu jingi, isubiri itulie. Ukiharakisha, nusu ya kinywaji itakuwa mezani. Mimina kwenye glasi ndogo zilizokaa friza, bila barafu. Barafu ndani ya Bellini inageuza rojo kuwa maji.

Pichi za njano zinafaa. Kinywaji kitakuwa na rangi ya dhahabu na ladha yenye ukali kidogo. Aliye karibu na Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ana bahati ya kupata pichi zilizotoka shambani, na kwa hizo ningechagua Brut. Pichi za kopo ni suluhisho la mwisho: zichuje shira yake yote na usuuze. Na embe? Rojo la embe na prosecco ni kinywaji kizuri sana, lakini ni kizito, kwa hiyo punguza rojo hadi mililita 35, na uwaambie wageni ukweli kwamba hiyo ni embe na si Bellini.

*Chupa.* Unahitaji prosecco peke yake, jambo linaloifanya isiwe na chupa ya kukaa kabatini. Chupa moja inatoa glasi saba. Rojo linagandishwa vizuri kwenye trei za barafu, ila liyeyushe kwanza kabla ya kulitumia.

*Inamfaa nani.* Wasiopenda uchungu, sherehe za mchana, na mwenye nyumba anayefurahia kazi ya mikono. Haimfai aliyefika kutoka kazini saa kumi na mbili na wageni wako mlangoni.

Vingine viwili, kwa kifupi

Hugo imetoka Tirolo ya Kusini, kaskazini kabisa mwa Italia, ambako Roland Gruber aliibuni mwaka 2005 katika mji wa Naturno. Ni prosecco, shira ya maua, mnanaa na maji ya soda. Mwanzoni shira ilikuwa ya zeri-limau. Sasa wengi hutumia ya maua ya sambuco. Ni tamu, ya harufu, haina uchungu, na nguvu yake inakaribia ya Bellini bila kazi ya pichi. Mnanaa upigepige kiganjani mara moja, usiuponde.

Negroni Sbagliato ni ya Bar Basso, Milan, iliyohusishwa na Mirko Stocchetto mwaka 1972: Campari, vermuti nyekundu tamu (mvinyo uliotiwa mitishamba) na mvinyo wa mapovu, mililita 30 kila kimoja. Kileo chake ni takriban mililita 15.6, karibu sawa na spritz ya Aperol, ila kimebanwa ndani ya mililita 90 tu, kwa hiyo kinywani ni kikali zaidi. Ni kwa anayependa Campari na anataka kitu cha kunywa polepole. Vermuti iliyofunguliwa ikae kwenye friji, na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Kwa asiyetumia kileo

Waitaliano wana vinywaji vichungu visivyo na kileo, na havikutengenezwa kama mbadala wa kumfariji mtu. Crodino, ya rangi ya machungwa, na Sanbittèr, nyekundu, vipo tangu miaka ya 1960 na huuzwa katika vichupa vidogo. Crodino kwenye glasi iliyojaa barafu, na kipande cha chungwa, inasimama upande wa Aperol. Sanbittèr inasimama upande wa Campari. Usiongeze maji ya soda mengi, kwani vina gesi tayari. Kwa upande wa Bellini, rojo lilelile la pichi kwa maji ya soda na ndimu linatosha kabisa.

Kwa msomaji ambaye dini au afya yake haimruhusu kileo hata kidogo: vinywaji vilivyobuniwa bila kileo tangu mwanzo si sawa na mvinyo ulioondolewa kileo. Huo wa pili mara nyingi hubaki na hadi asilimia 0.5. Soma lebo kabla ya kununua.

Uchague vipi

*Wageni sita au nane, ladha zao huzijui:* spritz ya Aperol, kwa Brut. Chupa moja ya prosecco na isiyofika moja ya Aperol zinatosha mzunguko mmoja wa watu wanane. Weka Campari pembeni. Mwenye kupenda uchungu aongezewe kijiko kimoja.

*Mko wawili au watatu, mnapenda uchungu, na chakula kiko jikoni:* spritz ya Campari kwa mililita 40, au ya Select ukiipata.

*Meza ina vitu vya chumvi na jioni itakuwa ndefu:* Select na zeituni. Maji ya kunywa yawe mezani tangu mwanzo.

*Chakula cha mchana, ndugu na wazazi wamekuja, wengi hawanywi sana:* Bellini kwenye jagi moja, na jagi la pili la pichi na maji ya soda kwa wasiotumia kileo. Tofautisha majagi kwa alama inayoonekana, maana rangi zake zinafanana mno.

*Hujapata pichi nzuri, na hakuna anayetaka uchungu:* Hugo.

*Bajeti inaruhusu chupa moja tu ya kukaa kabatini:* Campari. Itafanya spritz, itafanya Sbagliato, na siku mvinyo haupo itanywewa kwa maji ya soda.

*Uko peke yako:* tatizo lako si kileo kichungu bali prosecco, ambayo ikifunguliwa inapoteza mapovu ndani ya siku moja au mbili hata ukiifunga kwa kizibo maalumu. Tafuta vichupa vya mililita 200. Kimoja kinakupa spritz mbili. Usipovipata, tengeneza pirlo kwa mvinyo mweupe wa kawaida, ambao hautakudai uumalize usiku huohuo.